Julien Paluku: Gavana aliyechaguliwa mara moja, akakaa miaka 12

Mtoto aliyezaliwa Goma mwanzoni mwa 2007 alimaliza shule ya msingi bila kujua gavana mwingine zaidi ya Julien Paluku Kahongya. Katika miaka hiyo 12 mtoto huyo pengine alikimbia vita mara mbili au tatu na familia yake, akalala kambini, akarudi, akakimbia tena. Gavana alikuwa yule yule. Watu wengi wanajua hilo. Wachache wanakumbuka kwamba gavana huyo alipigiwa kura ya ugavana siku moja tu, mwishoni mwa Januari 2007, na wapiga kura wenyewe hawakufika hata 50.

Ili kuelewa ilikuwaje, inafaa kwanza kukumbuka jimbo lilivyokuwa. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 Kivu ya Kaskazini ilikatwa vipande viwili. Goma, Rutshuru na Masisi zilikuwa chini ya RCD-Goma. Beni, Butembo na Lubero, kule watu wanakoita Grand Nord, zilikuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Mpaka wa vikosi ulikuwa upande wa Kanyabayonga, na mfanyabiashara aliyetoka Butembo na maharagwe yake kwenda Goma alivuka kutoka utawala mmoja kwenda mwingine bila kutoka ndani ya jimbo lake. Eugène Serufuli alikuwa gavana huko Goma tangu 2000, aliwekwa na RCD-Goma, akaendelea katika kipindi cha mpito. Hakuna mwananchi aliyeulizwa.

Kisha ikaja Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ndani yake kuna kifungu cha 198, ambacho kila familia ya jimbo hili ingefaa kukijua kama inavyojua namba ya kadi yake ya kura. Kinasema gavana na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa muhula wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja. Maana yake mwananchi hamchagui gavana. Anamchagua mbunge wa jimbo, halafu mbunge ndiye anayemchagua gavana. Ni kama kumpa jirani pesa akununulie unga: ukitaka kujua unga umenunuliwaje, lazima umfuate jirani.

Wananchi walipiga kura ya wabunge wa majimbo tarehe 29 Oktoba 2006, siku moja na duru ya pili ya uraisi. Kazi yote iliongozwa na tume ya uchaguzi ya padri Apollinaire Malumalu, mtoto wa Grand Nord mwenyewe. Foleni zilikuwa ndefu, wazee walibebwa mgongoni hadi kwenye vituo. Baada ya hapo Bunge la jimbo likakaa Goma na kumchagua Paluku, mtu wa Lubero, aliyetoka RCD-K/ML, wakati chama hicho kilikuwa katika muungano wa Forces du Renouveau. Makamu wake alikuwa Feller Lutaichirwa. Mmoja wa Grand Nord, mwingine wa Petit Nord: kila mtu aliyasoma mapatano hayo vizuri, na hakuna aliyejifanya hayaoni. Kwa jimbo lililokuwa limekatwa pale Kanyabayonga, lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu vita, Goma iliongozwa na mtu wa kaskazini kwa kura, bila bunduki.

Si kila mahali mambo yalikwenda kwa amani. Katika Bas-Congo kura hizo hizo za magavana zilileta malalamiko ya wabunge kununuliwa, maandamano yakafuata, na watu zaidi ya 100 wakauawa mwanzoni mwa Februari 2007. Hapo ndipo wengi nchini walianza kuuliza ikiwa ni busara kuacha kiti kikubwa namna hiyo mikononi mwa watu wachache wanaoweza kuitwa hotelini usiku mmoja.

Paluku hakupata muda wa kupumua. Laurent Nkunda na CNDP yake walikuwa milimani Masisi na Rutshuru. Januari 2008 mkutano mkubwa wa amani ulifanyika Goma, ukiongozwa tena na padri Malumalu, na tarehe 23 Januari makundi yenye silaha yalitia sahihi. Miezi tisa baadaye karatasi zile hazikuwa na kazi. Mwisho wa Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP walifika karibu na malango ya Goma, wanajeshi wa serikali walikimbia, na kambi ya Kibati ikajaa watu usiku mmoja. Mwanzoni mwa Novemba watu kama 150 waliuawa Kiwanja. Familia za kule bado zinahesabu miaka kuanzia siku hizo.

Je, gavana angeweza kufanya nini? Swali hili linaulizwa kila mara, na mara nyingi kwa hasira. Gavana haamuru jeshi. Hakuamuru pia kofia za buluu za MONUC. Jeshi liko chini ya Raisi na wakuu wake huko Kinshasa. Hata pesa: kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana jimboni yabaki jimboni, yakatwe pale pale. Hilo halijawahi kutekelezwa kama lilivyoandikwa. Majimbo yanangoja Kinshasa itume. Kwa hiyo mtu anayemlaumu gavana kwa kila kijiji kilichochomwa anamkosea. Lakini gavana ana sauti, na Paluku aliitumia sana. Redio zote za Goma na Beni zilimjua. Anayekubali kukaa kwenye kiti hana budi kukubali pia maswali.

Kesi ilikuja kuwa nzito mwaka 2012, kwa sababu mbili zilizotokea pamoja.

Ya kwanza ni M23. Kundi hilo lilichukua jina lake kutoka mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP. Julai 2012 lilikuwa limeshika Bunagana, Rutshuru na Kiwanja. Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, ikawa bahari ya vibanda. Tarehe 20 Novemba Goma ilianguka. Gavana na serikali yake wakahamia Beni, na kwa siku kadhaa jimbo lilitawaliwa kutoka kule, hadi M23 walipotoka Goma tarehe 1 Desemba. Novemba 2013 walishindwa kabisa, angalau wakati ule.

Ya pili haikupiga kelele. Muhula wa miaka mitano wa gavana na wa wabunge waliomchagua ulikuwa umefika mwisho. Uchaguzi wa uraisi na wa wabunge wa taifa ulifanyika tarehe 28 Novemba 2011. Ule wa majimbo ulipaswa kufuata. Haukufuata. Haukufanyika 2012, wala 2013, wala 2015. Wabunge wa 2006 walibaki vitini, waliofariki wakarithiwa na suppléants wao. Maseneta waliochaguliwa na wabunge hao Januari 2007 nao walibaki. Na gavana alibaki.

Mwaka 2015 nchi iligawanywa upya, majimbo 11 yakawa 26. Katika majimbo yaliyokatwa, magavana wa zamani walipoteza viti, na mwaka 2016 wapya walichaguliwa. Kivu ya Kaskazini ni moja kati ya majimbo matano ambayo hayakuguswa, basi huku hakuna kilichobadilika. Katanga, Moïse Katumbi alijiuzulu 2015. Kivu ya Kusini ilibadilisha magavana. Paluku, pamoja na André Kimbuta wa Kinshasa, walivuka kutoka 2007 hadi 2019. Wanaomtetea wanasema hakuvunja sheria, kwamba si gavana anayeitisha uchaguzi, na hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba katika miaka saba ya ziada hakuna mwananchi wa Masisi, wa Walikale au wa Beni aliyepata nafasi ya kusema kwa karatasi ya kura kama anamtaka au hamtaki. Na katika miaka hiyo saba ndipo mauaji ya Beni yalianza, Oktoba 2014, na hayajakoma.

Katika safari hiyo Paluku alihama pia kisiasa. Aliyeingia kwa mgongo wa muungano ulioongozwa na Mbusa alijikuta karibu na Raisi Kabila, akaunda chama chake, BUREC, ndani ya FCC. Mwenye kiti kinachotegemea kalenda ya Kinshasa husogea karibu na Kinshasa. Tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 Raisi anaweza hata kumwondoa gavana wakati wa mgogoro mkubwa.

Uchaguzi ulikuja hatimaye tarehe 30 Desemba 2018, na mashini za kupigia kura. Siku nne kabla, tume ilitangaza kwamba mji wa Beni, wilaya ya Beni na mji wa Butembo hazitapiga kura siku hiyo, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Wapiga kura zaidi ya milioni moja, pamoja na wale wa Yumbi, waliondolewa. Vijana wa Beni waliandamana, kituo cha Ebola kikashambuliwa, na siku ya kura yenyewe watu walipanga foleni zao, wakapiga kura za karatasi walizotengeneza wenyewe, ili mtu asiseme kwamba hawakutaka. Kura yao rasmi ilikuja tarehe 31 Machi 2019, ya wabunge tu. Raisi Tshisekedi alikuwa ameshaapishwa tangu Januari.

Mwaka huo huo Bunge jipya la jimbo lilimchagua Carly Nzanzu Kasivita, naye wa FCC. Paluku alikwenda Kinshasa: waziri wa viwanda tangu 2019, akabaki hata muungano wa Kabila na Tshisekedi ulipovunjika, kisha waziri wa biashara ya nje katika serikali ya Judith Suminwa mwaka 2024.

Kasivita hakumaliza hata miaka miwili. Tarehe 6 Mei 2021 état de siège ilianza, Jenerali Constant Ndima akachukua ofisi, na Bunge la jimbo likasimamishwa. Ilikuwa ya siku 30. Ikaongezwa siku 15, halafu 15 tena, na tena.

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufika Masisi wala Rutshuru, kwa sababu ya vita vya M23 iliyorudi. Wilaya mbili nzima, na ndizo zilizojaza kambi za Goma. Aprili 2024 majimbo mengine yalipochagua magavana, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilibaki na wanajeshi. Jenerali Peter Cirimwami, aliyemfuata Ndima, alikufa kwa majeraha ya vita Januari 2025, siku chache kabla ya M23 kuingia Goma kwa mara ya pili. Jenerali Evariste Somo akateuliwa mahali pake, na kama Paluku mwaka 2012, alikwenda kufanya kazi Beni.

Chini ya Katiba ya 2006, basi, jimbo hili limechagua gavana mara mbili tu: 2007 na 2019. Mtoto yule aliyezaliwa Goma mwaka 2007 alifikia umri wa kupiga kura mwaka 2025.