Utunzaji wa gari: Vitu vidogo vinavyoua injini

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayonunuliwa nchini Kenya huteremshwa katika Bandari ya Mombasa yakiwa tayari yametumika kwa miaka kadhaa, mengi yakitoka Japani. Kanuni ya viwango KS 1515 hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kabla ya kupakiwa melini gari hukaguliwa huko linakotoka. Ukaguzi huo huthibitisha kwamba gari lafaa kuwa barabarani. Hausemi ni lini oili ilibadilishwa mara ya mwisho, wala kama maji ya breki yamekaa humo tangu gari litoke kiwandani.

Ndiyo maana matunzo ya gari kama hilo huanza siku linapokabidhiwa mwenyewe, si siku litakapozima njiani. Vitu vinavyoangamiza injini na kuhatarisha maisha mara nyingi ni vya bei nafuu: mpira wa maji, kifuniko cha rejeta, mkanda, maji ya breki. Vyote hivi huzeeka kwa kupita kwa muda, hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani, na karibu vyote vyaweza kuangaliwa na mwenye gari asiyekuwa na ujuzi wowote wa ufundi.

Kwanza ni oili. Gari huegeshwa mahali tambarare, injini huzimwa, na dakika chache zikishapita kijiti cha kupimia huchomolewa, hupanguswa kwa kitambaa safi, hurudishwa hadi mwisho kisha huchomolewa tena. Oili yapaswa kuwa kati ya alama mbili zilizo kwenye kijiti. Kuzidi alama ya juu ni kosa pia, kwa kuwa oili iliyopita kiasi huchapwa ikatoa povu na kuvuja kwenye mihuri ya injini. Weusi peke yake si dalili ya ubovu, hasa kwa injini za dizeli ambazo oili yake huwa nyeusi upesi. Kinachostahili kumtia mtu wasiwasi ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo huashiria kwamba maji yameingia ndani ya injini, aghalabu kupitia gasketi ya silinda iliyoungua, na gari la namna hiyo halifai kuendeshwa hata hadi gereji.

Mafundi wengi nchini hupendekeza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na kichujio chake. Watengenezaji wengi huruhusu masafa marefu zaidi, lakini vumbi na misongamano ya mijini, ambako injini hunguruma saa nzima gari likisogea kilomita chache tu, hufanya tahadhari hiyo iwe na maana. Unene wa oili, kama vile 5W-30, huandikwa katika kitabu cha gari na mara nyingine kwenye kifuniko cha tundu la oili lenyewe. Oili bandia imo sokoni, na njia moja inayoisaidia kuenea ni mikebe mitupu ya oili halisi inayookotwa na kujazwa upya. Mwenye gari anayetoboa mkebe wake kabla ya kuuacha gereji huwasaidia wenzake.

Uangalizi kama huo wahitajika kwa mfumo wa kupoza injini, na hapa ndipo hasara kubwa huanzia. Wengi hujaza rejeta maji ya mfereji au ya kisima wakidhani kwamba maji ni maji. Maji ya visima huwa na chumvi na madini yanayoganda ndani ya njia nyembamba za rejeta, na maji matupu ya aina yoyote huleta kutu. Umajimaji maalumu wa kupozea injini, uitwao kulanti madukani, huzuia kutu hiyo na hauchemki upesi kama maji.

Jambo la pili wasafiri hulisahau: Kenya ni nchi ya miinuko. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 mjini Mombasa huchemka kwa karibu nyuzi 94 Nairobi, na kwa takriban nyuzi 91 huko Timboroa, ambako barabara ya kwenda Eldoret hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 hivi. Kinachozuia maji yasichemke humo ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyabana kwa shinikizo na hivyo kupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wa kifuniko hicho ukikauka au springi yake ikilegea, shinikizo hupotea, na gari ambalo halijawahi kusumbua katika mitaa ya Mombasa huanza kuchemka likipanda Timboroa. Kifuniko kipya hugharimu pesa kidogo kuliko tangi moja la petroli.

Mipira inayopitisha maji hubinywa kwa vidole injini ikiwa imepoa. Mzuri huwa mgumu kiasi na hurudi ulivyokuwa. Uliolainika kama andazi, au wenye nyufa karibu na vibanio, wapaswa kubadilishwa. Wahenga waliponena kuhusu ufa na ukuta hawakuwa na rejeta akilini, lakini usemi wao umewatosha wenye magari.

Ipo pia desturi ya baadhi ya mafundi kuing'oa themostati na kuitupa, kwa madai kwamba nchi hii ni ya joto na haihitajiki. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake, hunywa petroli nyingi na kuchakaa mapema, huku tatizo halisi lililosababisha kuchemka likibaki palepale.

Gari likichemka njiani, dereva husimama mahali salama, huweka pembetatu za kuwaonya wengine na kuzima injini. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kabla ya nusu saa au zaidi kupita, kwa maana maji yaliyobanwa humo hufyatuka na kumbabua mtu usoni. Maji baridi nayo hayamiminwi kwenye injini inayowaka kwa joto. Chuma kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka, na hapo gharama hubadilika kutoka maelfu hadi makumi ya maelfu ya shilingi.

Kuhusu mkanda wa ndani unaozungusha vali, kila mwenye gari apaswa kujua kama gari lake linao. Injini ya 1NZ iliyo katika Toyota Probox na Fielder nyingi hutumia mnyororo, ambao hauna kipindi maalumu cha kubadilishwa ikiwa oili ni safi. Injini za Subaru za aina ya EJ hutumia mkanda wa mpira, ambao hubadilishwa ufikapo kilomita 100,000 au hata mapema ukiwa na umri mkubwa, ilhali za FB zilizotoka kuanzia 2010 zina mnyororo. Mkanda wa EJ ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali. Hautoi onyo lolote.

Breki zina siri inayofanana na ile ya rejeta. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Dereva wa mjini huenda asitambue tofauti yoyote kwa miaka. Lakini kwenye mteremko mrefu, breki zikikanyagwa mfululizo, joto hupanda, maji huchemka ndani ya mifereji na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo sababu maji hayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama breki zaonekana nzima.

Wakenya wanaijua miteremko hiyo kwa majina: Mai Mahiu, Sachangwan kuelekea Salgaa, na daraja la Nithi kwenye barabara ya Meru, ambako basi lilitumbukia mwezi Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Maafisa wa serikali walisema wakati huo kwamba huenda breki zilikuwa zimekataa. Njia salama ya kuteremka ni kuiachia injini ibebe sehemu ya mzigo: dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, na breki hukanyagwa kwa vipindi. Magari yasiyo na klachi nayo yana nafasi hiyo, ikiandikwa L, 2 au S, na kwenye Toyota Aqua na Prius huandikwa B. Madereva wengi hawajawahi kuigusa.

Tairi nalo husomwa. Kwenye ubavu wake, mwisho wa msururu unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Kwa mfano 3521 humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi laweza kuwa na meno marefu na bado likawa zee, mpira wake umekauka. Hii ndiyo hatari ya matairi yaliyotumika yanayouzwa kando ya barabara. Kati ya meno hayo kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na meno yakilingana navyo tairi limekwisha. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva wala si kwa mazoea ya mhudumu wa kituo cha petroli. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali: 220 ni sawa na pauni 32.

Betri huhitaji kidogo. Vichwa vyake vikishika unga mweupe au wa kijani, husafishwa kwa maji moto na brashi baada ya nyaya kufunguliwa, ule wa hasi ukitangulia. Wenye magari ya haibridi wana kazi moja zaidi: kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la kupitisha hewa ya kupoza betri kubwa, na kichujio chake husongwa na vumbi. Mizigo na blanketi za watoto zinazoliziba tundu hilo zimewagharimu baadhi yao betri nzima.

Kazi nyingine si za mwenye gari. Gia za CVT, zilizo kwenye Honda Fit, Nissan Note na Fielder za karibuni, hutaka oili ya aina yake pekee. Fundi anayesema kwamba oili yoyote ya gia itafaa ni wa kuagwa kwa heshima. Mwenye gari na asimame karibu kipuri kinapofungwa, na aombe kile cha zamani akione.

Hayo yote huandikwa. Daftari ndogo inayokaa ndani ya gari, yenye tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa, hutegemeka kuliko kumbukumbu ya mtu na hata kuliko mita ya kilomita, ambayo kwenye magari yaliyotumika yaweza kuwa ilirudishwa nyuma. Anayenunua atazame pia vibandiko vya Kijapani vilivyo ndani ya boneti au ukingoni mwa mlango. Vingi huonyesha tarehe na kilomita za oili kubadilishwa, au za mkanda, na nambari hizo zikiwa kubwa kuliko zinazosomeka kwenye dashibodi, mita imeshachezewa.