Prosesa mbili za bei moja: Ubao mama ndio unaoamua

Ryzen 5 5600 ya AMD na Core i5-12400 ya Intel zinakaribiana kwa bei na kwa uwezo. Hata hivyo, kwa anayetaka kuiboresha kompyuta ya nyumbani, gharama ya moja inaweza kuipita kwa mbali gharama ya nyingine.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zenye prosesa za mwaka 2017, zikiwemo Ryzen za kizazi cha kwanza, hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa familia inayotegemea kompyuta moja kwa masomo na kazi, kubadilisha prosesa kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua kompyuta mpya.

Uwezo unaolingana

Core i5-12400 ilitoka Januari 2022 na Ryzen 5 5600 ikafuata Aprili mwaka huo huo, kila moja kwa takriban dola 200 za Marekani. Zote zina viini sita vinavyoshughulikia mikondo 12 ya kazi kwa wakati mmoja, na zote hufikia kasi ya gigahezi 4.4. Matumizi yao ya msingi ya umeme ni wati 65, ingawa ya Intel inaweza kupanda hadi wati 117 kazi inapokuwa nzito. Kwa uandishi, mahesabu, mikutano ya video na michezo mingi ya kompyuta, ni vigumu kwa mtumiaji wa kawaida kuitambua tofauti yao.

Tofauti iliyo dhahiri ni ya picha. Core i5-12400 ina sehemu yake ya ndani ya kuonyesha picha kwenye skrini, ilhali Ryzen 5 5600 haina. Asiye na kadi ya picha akiichagua Ryzen hiyo, skrini yake haitaonyesha chochote. Tahadhari inahitajika pia kwa Core i5-12400F: herufi F humaanisha kwamba sehemu hiyo ya picha haitumiki.

Gharama iliyojificha

Prosesa hizi haziingii katika soketi moja. Ryzen 5 5600 hutumia AM4, na Core i5-12400 hutumia LGA1700. Mwenye ubao mama wa AM4, kwa mfano wenye chipseti B350 au B450, mara nyingi anaweza kuondoa prosesa ya zamani na kuweka Ryzen 5 5600 bila kubadilisha ubao wala RAM yake ya DDR4. Akichagua Intel, atalazimika kununua ubao mpya, na RAM yake itamfaa tu ikiwa ubao huo ni wa DDR4.

Kwa mwenye kompyuta ya Intel ya mwaka 2017 hali ni tofauti, kwani ubao mpya hauepukiki kwa vyovyote vile. Hapo Core i5-12400 humpunguzia gharama ya kadi ya picha, na soketi yake hupokea pia prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14.

Kabla ya kufungua kompyuta

Hatua ya kwanza ni kusoma jina kamili la ubao mama na kutazama, katika tovuti ya mtengenezaji wake, orodha ya prosesa unazozikubali. Ubao wa zamani wa AM4 huhitaji BIOS isasishwe wakati prosesa ya awali ingali mahali pake. Vinginevyo kompyuta huenda isiwake kabisa. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji huo, ubao unaweza kuharibika. Penye umeme usiotabirika, ni busara kutumia UPS.

Baada ya hapo, mnunuzi ajumlishe prosesa, ubao, RAM na kadi ya picha. Jumla hiyo ndiyo bei ya kulinganisha.