Haki ya Mgeni Wakati wa Maradhi

Mchuuzi wa njugu kutoka Burundi akifika Nyeri hahitaji mengi ili aanze kazi: sinia, karatasi za kusokota, na chumba cha kupanga mtaani Majengo. Janga likizuka, nani atambeba? Miji ya Mlima Kenya ina majibu matatu.

La kwanza ni la Wagikuyu. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anamweleza muhoi kuwa mtu aliyepewa haki ya kulima shamba la mwingine kwa urafiki, bila malipo. Nguvu ya mpango huo ni kufahamiana: mwenyeji anajua mgeni wake ameamka au hakuamka. Udhaifu wake ni huohuo, kwani urafiki ukivunjika, haki nayo huondoka. Mwenye nyumba wa leo humjua mpangaji vivyo hivyo, lakini kafyu ya Machi 2020 ilipokata biashara ya jioni, kodi haikungoja.

La pili ni la msikiti. Kurani (9:60) inataja makundi manane yanayostahiki zaka, na msafiri aliyeishiwa ni mojawapo. Hapa hoja ni uhitaji. Si lazima mtu awe na mwenyeji. Hata hivyo, wanazuoni wengi huiweka zaka kwa Waislamu, ingawa sadaka humfikia yeyote. Tena msikiti hauna maabara wala oksijeni.

Vitu hivyo anavyo mwenye jibu la tatu, serikali. Desemba 2018 Nyeri na Isiolo, pamoja na Kisumu na Machakos, zilianza majaribio ya Afya kwa Wote, na ada zikaondolewa katika hospitali za umma. Ila serikali humtambua mtu kwa karatasi. Chanjo ya korona ilipoanza 2021, kujiandikisha kulidai namba ya kitambulisho au hati nyingine rasmi. Asiye na hati hujificha, na maradhi yake hayajifichi.

Karatasi zinaweza kulegezwa. Machi 2020 Ureno iliwahesabu wahamiaji waliokuwa wakisubiri vibali kuwa wakazi halali kwa muda, wapate matibabu kama wenyeji.

Nyeri inaweza kwenda mbele zaidi kwa kuunganisha majibu yake. Mhudumu wa afya wa jamii aandikishe watu kwa mlango wanamolala, mwenye nyumba au imamu athibitishe ukazi wao, na daftari hilo lisifike kwa polisi wala uhamiaji. Sharti hilo la mwisho likikosekana, hakuna atakayefungua mlango.