Rangi, Jinsia na Kazi Kando ya Hori la Port Reitz

Hori la Port Reitz, yaani mkono wa bahari unaoingia bara kutoka bandari ya Kilindini na kuitenga Changamwe na upande wa Mtongwe na Likoni, lilipewa jina la luteni John James Reitz, mwanamaji wa Uingereza aliyeachwa Mombasa na kapteni William Owen mwaka 1824, wakati Wamazrui waliotawala mji huo walipotafuta ulinzi wa Waingereza dhidi ya Sayyid Said wa Omani. Reitz alifariki mwaka huohuo, na ulinzi wenyewe ukakoma mwaka 1826, lakini jina lilisalia kwenye ramani hadi Waingereza waliporejea kama watawala mwaka 1895. Utawala huo wa pili ulileta desturi ya kuwahesabu watu kwa rangi zao, na kwa kuwa rangi ya mtu haijulikani bila kuulizwa amezaliwa na nani, hesabu hiyo ilitegemea tangu mwanzo kanuni kuhusu wanawake, ndoa na uzazi. Jambo hili mara nyingi husahaulika katika historia ya bandari, ambayo imeandikwa zaidi kama historia ya makuli na mabwana wa meli.

Kabla ya wakoloni, jamii ya Mombasa haikuwa ya watu sawa. Watumwa walilima mashamba ya bara, na wanawake wengi miongoni mwao walichukuliwa kuwa masuria, yaani wajakazi walioishi na mabwana zao kama wake bila ndoa. Hata hivyo, sheria ya Kiislamu iliamua kwamba mtoto wa suria, akikiriwa na bwana kuwa wake, alizaliwa huru, akafuata nasaba ya baba na kurithi pamoja na ndugu zake waliozaliwa na wake wa ndoa, huku mama yake akipata uhuru bwana alipofariki. Kanuni hii yafaa kulinganishwa na ile ya Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika ya Kaskazini, ambako sheria ya mwaka 1662 ilitamka kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, awe mtumwa au huru, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na bwana Mzungu na mjakazi Mwafrika akawa mali ya baba yake mwenyewe. Tayari mwaka 1643 koloni hilo lilikuwa limeamua kwamba wanawake Waafrika watozwe kodi kama vibarua wa shambani, mzigo ambao wanawake Waingereza hawakutwishwa. Utumwa ulikuwa dhuluma katika pwani zote mbili, na mwanamke hakuulizwa ridhaa yake popote, lakini huko Virginia tumbo la mama lilijenga ukuta kati ya rangi mbili, ilhali Mombasa nasaba ya baba iliuacha mlango wazi kwa watoto.

Upande wa kaskazini wa Mombasa, huko Kisauni, jumuiya ya wamisheni ya Kanisa la Uingereza ilianzisha kijiji cha Freretown katika miaka ya 1874 na 1875, kilichopewa jina la Sir Bartle Frere, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa na manowari za Kiingereza baharini. Wenyeji waliwaita wakazi wake mateka. Humo wavulana walifunzwa kusoma, useremala na kazi nyingine za ufundi, na wasichana wakafunzwa kushona, kufua na kutunza nyumba, kwa sababu wamisheni waliamini kwamba uhuru wa mtumwa ungekamilika pale mwanamume atakapokuwa kichwa cha nyumba yenye mke mmoja. Wanawake waliokuwa wamelima maisha yao yote walipewa hivyo picha ya mwanamke iliyotoka katika nyumba za watu wa kati huko Uingereza.

Serikali ya kikoloni ilipojiimarisha, iliwagawa watu katika makundi ya Wazungu, Wahindi, Waarabu na wale iliowaita wenyeji, yaani Waafrika waliotozwa kodi ya nyumba na kichwa na kuwekwa chini ya sheria za peke yao. Mgawanyo huo haukulingana na maisha ya pwani. Mtu aliyekuwa na baba Mwarabu na mama aliyewahi kuwa mtumwa alihesabiwa Mwarabu, ilhali Waswahili wa Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili yenye asili ya mji wenyewe, waliwekwa pamoja na wenyeji, wakapigania kwa miongo kadhaa kuondolewa katika daraja hilo. Thamani ya nasaba ya baba, ambayo zamani ilikuwa jambo la heshima na mirathi, sasa iliamua pia kodi, kura na shule, na hilo liliwatia watu wa familia moja katika mafungu tofauti ya sheria.

Kwa upande wa bara, hasa Changamwe na kingo za Port Reitz, kilichotawala zaidi kilikuwa kazi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini ikahitaji vibarua wengi wa kupakia na kupakua shehena, ambao serikali iliwafikiria kama wanaume wasio na wake. Kipande, cheti cha usajili kilichotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni, kilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Wanawake hawakupewa, si kwa kuheshimiwa, bali kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Mshahara nao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kwa hoja kwamba mke na watoto walikuwa kijijini wakijilisha kwa jembe. Kwa maneno mengine, kazi ya mwanamke shambani ndiyo iliyoziba pengo la mshahara mdogo wa mumewe bandarini, na faida ya wenye meli ilitegemea jasho ambalo hakuna daftari lililoliandika.

Mjini kwenyewe wanawake walikuwepo tele. Walikuwa na nyumba huko Majengo, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya ardhi ya kukodi, wakapangisha vyumba kwa vibarua. Walipika na kuuza vyakula. Na kule bara, ambako wagema walipanda minazi, waliuza tembo mangweni, yaani katika vilabu vya pombe ya mnazi. Dola iliona hapo uhuni na pombe haramu, lakini mji usingeweza kulala wala kula bila wao. Huo ulikuwa uonevu mkubwa, kwa kuwa bandari iliyowanyima makuli nyumba iliwaadhibu wanawake waliowapa makao.

Suala la makao ndilo lililowasha migomo ya mwaka 1939, iliyoanzishwa na vibarua wa serikali waliodai posho ya nyumba, na lilirudi katika mgomo mkuu wa Januari 1947, ambapo takriban wafanyakazi 15,000 waliacha kazi, na Chege Kibachia akaibuka kuwa kiongozi wao. Hofu ya migomo iliilazimisha serikali ibadili fikra, na kamati yake ya mishahara, iliyojulikana kama kamati ya Carpenter, mwaka 1954 ikapendekeza mshahara utakaomtosha mtu na familia yake. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kwa makuli, lakini ilimchukulia mwanamke kuwa mtu wa kulishwa na mumewe, kana kwamba mwenye nyumba wa Majengo na muuza tembo wa Changamwe hawakuwahi kujipatia riziki.

Mpangilio huohuo wa rangi na jinsia ulijitokeza katika kura. Wanawake wa Kizungu waliruhusiwa kupiga kura tangu mwaka 1919, ilhali kura ya Waarabu ilikuwa ya wanaume pekee, hadi wanawake wa Mombasa, wengi wakiwa wamezoea kujiongoza wenyewe katika vyama vya ngoma ya lelemama, walipoiandikia serikali ombi la kudai haki hiyo katika miaka ya mwisho ya 1950. Waafrika nao walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato, mali na miaka ya utumishi, vipimo vilivyompendelea mwanamume aliyesomeshwa na kuajiriwa, na kumwacha nje mwanamke ambaye kazi yake haikuwahi kuandikwa na mwajiri yeyote.