Mahuluti

Mkulima ana mbegu chotara, mfugaji ana kuku chotara. Gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme wauzaji huliita haibridi. Mimi nashikilia mahuluti, neno letu la siku nyingi lenye maana ya kitu kilichochanganywa.

Ila mchanganyiko hauko sawa, na hapo ndipo wanunuzi wanapoumia. Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ni mahuluti kamili: kwenye foleni injini inazimika, gari linasogea kimyakimya kwa umeme, na kila ukikanyaga breki betri inapata chaji. Huhitaji soketi. Jingine ni mahuluti ya kuchomeka, lenye betri kubwa zaidi. Kama huna pa kulichaji nyumbani, usilinunue, utabeba uzito wa bure. Halafu kuna mahuluti hafifu, ambalo mota yake huisaidia injini tu, haiendeshi gari peke yake.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haibridi", muulize: ya aina gani? Kisha omba betri ipimwe kabla hujatoa hela.