Uani Wakati wa Masika: Mapishi na Ususi katika Historia ya Mwambao

Historia ya mwambao wa Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kutoka upande wa bahari. Msomaji huonyeshwa majahazi yakiingia kwa upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, bandari ikijaa wageni wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na bidhaa zikipimwa na kuuzwa; kisha vyombo vikitweka tanga na kurudi makwao mnamo Aprili, kusi ianzapo kuvuma. Hapo kalamu huwekwa chini mpaka msimu mwingine. Lakini miji haikufa baada ya wageni kuondoka. Kati ya Machi na Mei huja masika, na mvua hiyo iliwarudisha watu majumbani mwao kama vile majira ya kupukutika majani yawarudishavyo watu wa nchi za kaskazini karibu na meko yao. Siku ya namna hiyo, iliyopita kwa kupika na kusuka, haikuandikwa katika daftari la forodha. Hata hivyo imeacha ushahidi wake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imo katika lugha.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba masika hayakuwa likizo. Mashamba yalihitaji kupandwa na kupaliliwa, na mwanamke wa shamba alitoka kila mvua ilipopumua. Lakini zilikuwapo saa nyingi ambazo mvua ilifunga njia, na saa hizo zilikuwa na kazi zake maalumu. Ususi wa ukili ni mfano ulio wazi. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, na yale yatakiwayo rangi huchemshwa pamoja nayo. Kazi hizi zataka jua, kwa hiyo hufaa kufanywa wakati wa kiangazi. Kusuka kwenyewe kwataka kinyume chake: chane kavu mno hukatika vidoleni, sharti ilowanishwe kidogo ili ilainike na kutii mkono. Basi unyevu wa masika, uharibuo vitu vingi ndani ya nyumba, humsaidia msusi. Majira mawili yaligawana kazi moja: kiangazi kiliandaa, masika yakasuka.

Ukili ni utepe mrefu, na urefu wake ndio unaoufanya ufae kwa kazi ya nyumbani. Mwanamke aweza kuusuka akiwa anangojea chungu kichemke, akauweka chini kwenda kupunguza kuni, akaurudia bila ya kuharibu kitu. Ukishatosha, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Jamvi, ambalo ni zito na hutandikwa mahali pa watu wengi, husukwa kwa miyaa. Katika ukili hutoka pia vikapu, makawa ya kufunikia chakula, na chombo kimoja kidogo kinachostahili kuangaliwa na wanahistoria kuliko kilivyoangaliwa mpaka sasa, nacho ni kifumbu.

Kifumbu ni mfuko wa ukili wa kuchujia nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji, hujazwa katika kifumbu na kukamuliwa kwa mikono miwili. Tui hushuka na chicha hubaki. Maji ya kwanza hutoa tui zito liitwalo kasimile, na ya pili hutoa tui jepesi la kupikia. Hapa ndipo ususi na upishi vinapokutana. Mpishi asiye na kifumbu hawezi kupata tui safi, na bila ya tui hakuna wali wa nazi wala mchuzi wa samaki kama ujulikanavyo mwambaoni. Mwenye kuzitenga kazi hizi mbili, akaweka moja katika sura ya vyakula na nyingine katika sura ya sanaa, huzipasua nusu mbili za kitu kimoja.

Ukale wa mapishi hayo waweza kupimwa kwa kiasi. Uchimbuzi uliofanywa Pemba ulipata mbegu zilizoungua katika meko ya kale. Huko Tumbe, mji uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyoongoza ilikuwa mawele, nafaka ya Afrika yenyewe. Huko Chwaka, uliostawi baina ya karne ya 11 na ya 15, mpunga uliotoka Asia ulikuwa umeshika nafasi ya mbele. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu pamoja na tangawizi na maembe. Na kuhusu Mombasa aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka kwingine. Baada ya mwaka 1500 muhogo na mahindi viliingia kutoka Marekani kwa njia ya Wareno. Mahindi yakapewa jina la India, kwa kuwa mwenyeji alilitaja jambo geni kwa upande wa bahari aliodhani kuwa limetokea.

Lakini mbegu na wasafiri hueleza kililiwa nini. Ni maneno yanayoeleza kilipitia mikono ya nani. Msamiati wa uani ukipangwa kwa utaratibu wa kazi, jambo moja hujitokeza. Vitendo vya msingi vina majina ya Kibantu: kupika, kutwanga, kupepeta, kukuna, kukaanga, kusuka. Hali kadhalika vyombo vikaavyo karibu na moto au mikononi mwa mfanyakazi: chungu, figa, mwiko, kinu, mchi, ungo. Lakini chakula kinapovuka mlango kwenda kwa mgeni, majina hubadilika. Hupakuliwa katika sinia au sahani, maneno ya Kiarabu. Huwekwa juu ya meza, neno la Kireno. Na kikiwa cha karamu, huitwa pilau au biriani, maneno yenye asili ya Kiajemi. Ukili nao una habari hiyo hiyo. Ukilaliwa ni mkeka. Ukishonwa kwa ajili ya kusalia huwa msala, neno lililotoka katika Kiarabu. Mikono ni ile ile, majani ni yale yale, ila jina limefuata matumizi.

Mpaka huu hauna ukuta. Sufuria ni neno la Kiarabu, nayo hukaa juu ya moto kabisa. Lakini sufuria ni chombo cha shaba au bati kilicholetwa kuchukua nafasi ya chungu, na jina lake liliingia pamoja nacho. Waama huo ni ushahidi wa badiliko lenyewe. Yafaa kusema basi kwamba mgeni alibadilisha zaidi jinsi chakula kinavyotolewa kuliko jinsi kinavyotengenezwa. Wanaodai kwamba ustaarabu wa mwambao ulishushwa gatini ukiwa tayari wangepaswa kueleza kwa nini lugha ya uani inakana dai hilo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiopendeza, nao haufai kufichwa na utulivu wa siku ya mvua. Katika nyumba za wenye mali, aliyetwanga na kupika mara nyingi alikuwa mtumwa. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 maisha ya ndani ya majumba ya kifalme, ambamo mabibi walidarizi na watumwa wakapika. Kudarizi kwenyewe ni neno la kigeni, na kusuka ni la wenyeji. Tofauti ya maneno ilikwenda sambamba na tofauti ya daraja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya kisheria ya utumwa ikaondolewa visiwani mwaka 1897. Wanawake wengi walioletwa kutoka bara walikuwa wamekwisha kuingia katika jiko la mwambao, na ladha ya chakula hicho ni urithi wao pia. Kusifu mapishi ya pwani bila ya kuwataja ni kula na kumsahau mpishi.

Hapo ndipo wanazuoni wa lugha wanapodaiwa. Kamusi kubwa za zamani, ile ya Krapf ya mwaka 1882, ya Sacleux ya mwaka 1939 na ya Johnson ya mwaka huo huo, zimehifadhi mengi, na kazi yao yastahili shukrani. Lakini watungaji wake walikuwa wanaume na wageni, na mlango wa uani haukuwa wazi kwao kama ulivyokuwa ule wa baraza. Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Velten mwaka 1903, aliandika kwa macho ya mwanamume. Kwa hiyo hatua za nazi, yaani kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, hupatikana kamusini kwa urahisi, maana mkwezi na mfanyabiashara walizihitaji. Bali majina ya mitindo ya kusuka na ya mapambo ya mkeka ni ya kuokoteza.

Mikeka ya plastiki imejaa madukani, tui huuzwa ndani ya pakiti, na mashine husaga nazi pasipo mbuzi wala kifumbu. Hakuna sababu ya kumlaumu mwanamke aliyepunguziwa kazi ya mikono. Ila chombo kikiachwa, jina lake hudumu kwa umri wa wale walioshika chombo hicho, halafu hutoweka. Kamusi husalia na maelezo mafupi, “mfuko wa kuchujia tui”, ambayo hayasemi ulisukwaje, na nani, wala katika majira gani. Msamiati huu basi wahitaji kukusanywa Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa na Lamu, si kwa orodha ya maswali peke yake, bali kwa kuketi na wasusi na wapishi wenyewe, chane ikiwa mkononi na nazi ikiwa juu ya mbuzi, na kila neno kuandikwa mahali pake katika mfuatano wa kazi. Wakati ufaao ni masika, ambapo wasusi wako nyumbani.