Msimu wa Senene, Msimu wa Kikapu

Ukimwambia mtu wa Bukoba kwamba msimu umeanza, usitaje wa nini, atatazama taa. Novemba ndipo senene wanaposhuka. Mvua imeingia, mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, taa kali zinawaka usiku kucha, na asubuhi watu wamekaa barazani wananyonyoa mbawa na miguu huku wakihadithiana. Mwezi huohuo vyuo vikuu vya Marekani huwasha taa za kumbi zao na kuanza msimu wa mpira wa kikapu, unaokwenda hadi mwanzoni mwa Aprili. Senene nao hurudi kidogo Aprili na Mei. Sidai kwamba mambo haya mawili yana undugu. Ila neno ni lilelile, na kila nikiitazama historia ya kikapu katika Kagera naona kwamba mkoa huu umekuwa na mchezo kwa miaka mingi bila kuwa na msimu.

Mji na mchezo ni wa rika moja. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alisimamisha boma la Bukoba Novemba 1890. Desemba 1891, mwalimu mmoja Mkanada, James Naismith, alikuwa katika chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts, amekabidhiwa darasa la vijana wakorofi. Nje kuna baridi kali, mpira wa miguu hauchezeki, na ndani wamechoka na mazoezi ya viungo. Akatundika vikapu viwili vya kuvunia matunda kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13. Vikapu vilikuwa na vitako, kwa hiyo kila goli lilipofungwa ilibidi mtu apande kuutoa mpira. Baadaye zikaja ringi za chuma na nyavu, na kikapu chenyewe kikatoweka isipokuwa katika jina. Kiswahili kimelishika jina hilo kikamilifu: tunasema mpira wa kikapu na hakuna anayekumbuka matunda.

Jambo la kuzingatia hapo ni paa. Huu ni mchezo uliobuniwa kwa ajili ya kuikimbia hali ya hewa. Ulipofika kwetu tukautoa nje, tukaumwagia saruji uwanjani na kuuacha unyeshewe. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Saruji iliyolowa haikubali mtu kugeuka ghafla, na kikapu chote ni kugeuka ghafla. Mpira wa miguu hauna taabu hiyo, kwani tope ni sehemu ya burudani. Naamini mvua imechangia zaidi kuliko watu wanavyokiri kuufanya uwanja wa mpira wa Kaitaba kuwa moyo wa michezo ya mji, na kikapu kuwa mchezo wa jioni kavu.

Kikapu kiliingia kwa mlango wa shule. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na kuanzia hapo Buhaya ikawa nchi ya shule kabla sehemu nyingi za Tanganyika hazijajua darasa ni nini. Rubya, katika Muleba ya leo, ikawa na seminari ambayo Laurean Rugambwa alipitia akiwa kijana, kabla ya kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Waanglikana wakawa na chuo cha ualimu Katoke, Walutheri wakawa na shule zao, na Ihungo ikasimama juu ya kilima chake. Wamisionari wa awali walikuwa Wazungu wa Ulaya na mpira wao ulikuwa wa miguu. Wamarekani wengi walikuja na uhuru. Mwaka 1961 Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, kilianza kuwaleta walimu katika sekondari za Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Peace Corps wakaingia Tanganyika, wakakaa hadi 1969. Hawa walikuwa vijana waliokulia chini ya ringi, na kwao ukuta wa bwalo usio na ringi ulikuwa na kasoro.

Mwaka 1969 shule nyingi za makanisa zilitaifishwa, pamoja na madawati, vitanda na viwanja vyake. Kilichofuata ndicho ninachokiita kikapu cha UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wanafunzi wanachaguliwa shuleni, wanapambana wilayani, wanaunda timu ya mkoa, wanapiga kambi, wanasafiri kwenda mashindano ya taifa, wanacheza kwa siku chache mfululizo, kisha kila mtu anarudi kwao na viatu vimetoboka. Wenye vipaji wengi wamepita humo, na waliopita hawasahau. Lakini ni sherehe ya mwaka. Mchezaji akikosea Jumatatu hana Alhamisi ya kurekebisha na Jumapili ya kujaribu tena, kwa sababu Alhamisi yuko kwenye basi. Hata sherehe hiyo iliwahi kukatwa: mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, na hayakurudi hadi katika utawala wa Jakaya Kikwete, rais ambaye mwenyewe alicheza kikapu akiwa mwanafunzi.

Msimu unahitaji pia njia, na Kagera ilikatwa njia zake mara kadhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Kabla ya hapo msomi wa Kihaya aliitazama Makerere, kule Kampala, kama chuo cha nyumbani. Baada ya vita alilazimika kugeuza shingo kuelekea Dar es Salaam, barabara ya kilomita zipatazo 1,400. Kwenda Mwanza kulikuwa kwa meli, usiku mzima. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Baada ya siku ile hakuna mzazi wa Bukoba au Muleba aliyemruhusu mtoto kupanda meli bila kunyamaza kwanza.

Ili kuona msimu kamili unavyokuwa, sasa twende Storrs.

Storrs ni kijiji cha Chuo Kikuu cha Connecticut, katika jimbo la jina hilohilo, takriban saa moja kwa gari kutoka Springfield ile ya Naismith. Mwaka 2006 alifika hapo kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Februari 1987, aliyesoma shule ya Makongo na kuanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wameshachoka na makocha watatu. Alimalizia sekondari Houston. Urefu wake ulikuwa mita 2.21, na magazeti ya huko hayakuona kingine. Mwaka wa kwanza timu yake, chini ya kocha Jim Calhoun, ilishinda mechi 17 na kupoteza 14, haikualikwa hata kwenye mashindano ya taifa ya vyuo. Mwaka wa pili ilishinda 24, kisha ikatolewa na San Diego raundi ya kwanza kwa pointi moja, 70 kwa 69, katika muda wa nyongeza.

Mwaka wa tatu ndio msimu wenyewe. Kuanzia katikati ya Novemba 2008 hadi tarehe 4 Aprili 2009, chuo kilicheza mechi 36. Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo zaidi ya 4 kwa mechi. Dhidi ya Providence, mwishoni mwa Januari, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Kuna timu nzima zisizozuia mitupo 10 kwa wiki. Februari chuo kilikuwa namba moja nchini. Hapo ndipo msimu ulipoanza kudai deni lake. Jerome Dyson, mlinzi tegemeo, aliumia goti. Tarehe 16 Februari, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, wakaja Pittsburgh na DeJuan Blair, mtu mfupi kuliko yeye kwa karibu sentimita 20 lakini mpana kama mlango wa ghala. Wakigombea ribaundi, Blair aliunasa mkono wa Thabeet na kumpindua juu ya mgongo wake hadi sakafuni. Blair alimaliza na ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Picha ya ule mwereka ilizunguka Marekani nzima. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East, jambo ambalo picha hazikulisimulia.

Kisha ikaja Machi 12. Connecticut na Syracuse walianza kucheza usiku New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, na hawakumalizana. Waliongezwa muda mara sita. Katika nyongeza tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja, wakaongoza katika ya sita na kushinda 127 kwa 117. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo. Kipenga cha mwisho kililia saa saba na dakika 22 usiku saa za New York. Bukoba ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika 22 asubuhi, watu wameshakunywa chai na madarasa yameshaanza.

Ninachokipenda katika msimu ule si ushindi. Ni kwamba Thabeet alipata nafasi ya kuaibishwa hadharani na wiki hiyohiyo akacheza tena. Katika mashindano ya taifa, Calhoun mwenyewe alilazwa hospitali na kukosa mechi ya kwanza. Vijana wakaifunga Chattanooga 103 kwa 47 chini ya msaidizi wake, George Blaney. Wakaitoa Texas A&M, wakaitoa Purdue, wakaitoa Missouri 82 kwa 75. Nusu fainali ilichezwa Detroit, katika uwanja wa mpira wa Kimarekani uliopangwa upya, mbele ya watu 72,456. Wapinzani, Michigan State, walitoka kilomita 140 hivi kutoka hapo, kwa hiyo ukumbi ulikuwa wao. Kagera ilikuwa imepita saa saba usiku. Michigan State walishinda 82 kwa 73.

Miezi miwili na nusu baadaye, Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. Wamarekani wanapenda kulisema jina lake kwa kejeli, kwa sababu Memphis, klabu iliyomchagua, hawakupata walichokilipia na mwaka wake wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ndogo. Nawaelewa, pesa ilikuwa yao. Lakini mtu anayehesabu kutoka huku anahesabu tofauti. Katika miaka mitatu ya Storrs timu yake ilicheza mechi 100 kamili. Mwanafunzi wa Ihungo au Rubya angehitaji kurudia kidato cha sita mara ngapi ili UMISSETA impe mechi 100?

Baada yake mlango haukufungwa, na safari hii ulifunguka upande wa ziwa letu. Atiki Ally Atiki, mzaliwa wa Mwanza, alipitia Kanada, akaingia chuo kikuu cha Brigham Young mwaka 2021, akacheza misimu mitatu, kisha akahamia New Mexico. Machi 2025 New Mexico waliitoa Marquette katika mashindano yaleyale ya taifa. Raundi iliyofuata wakakutana na nani? Michigan State. Wakafungwa 71 kwa 63. Watani wangesema Tanzania ina deni la kudai kule Michigan.

Bukoba inaujua msimu vizuri, tena wa ligi. Kwa miaka mingi Kagera Sugar ilicheza Kaitaba katika Ligi Kuu, na mtu wa Kashai aliyajua mabadiliko ya jedwali kama bei ya kahawa. Kikapu hakikupewa ratiba ya namna hiyo. Ligi nzito ya nchi iko Dar es Salaam, ambako timu ya Chuo Kikuu, UDSM Outsiders, hucheza na Savio, Vijana na JKT. Vyuo vya mikoani hukutana katika michezo ya pamoja ya vyuo, ambayo ni UMISSETA ya wakubwa: siku chache, medali, basi.

Mimi ningegeuza shingo tena, kule ilikokuwa inatazama kabla ya 1978. Uganda vyuo vinacheza ndani ya ligi ya taifa. UCU Canons wa Mukono na KIU Titans wa Kampala wanapangwa na City Oilers, klabu iliyocheza ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2023, na wanafunzi wanapigwa na watu wazima wiki hii, wanarudi wiki ijayo. Timu ya taifa ya Uganda ilimaliza ya sita AfroBasket 2021, kule Kigali, ambako pia kuna ukumbi wenye paa ambao mtu wa Ngara anaweza kuufikia na kurudi bila kuomba likizo ndefu. Anayetaka kuona timu ya wanaume ya chuo ikiishi msimu mzima hahitaji viza ya Connecticut. Apande basi alfajiri Bukoba, avuke daraja la Kyaka, agongewe muhuri Mutukula, ale ndizi Masaka, na jioni awe Lugogo, Kampala, kabla mechi ya pili haijaanza.